Ziwa Nyuma ya Kiti

Kilimatinde, 24 Novemba 1913

Kwa Babu Hassani bin Matonya, fundi wa viriba vya ngozi, Dodoma, nyuma ya stesheni

Babu, shikamoo. Mimi Rajabu, mume wa mjukuu wako, sijambo wa mwili. Jaha hajambo, anakusalimu. Anasema kama bado unalala mchana mdomo wazi, basi ufunge, maana nzi wa Dodoma hawabishi hodi.

Nina jambo. Ile motokaa ya Bwana Kamba, ambayo wewe mwenyewe ulilishona paa lake la turubai siku iliposhushwa kutoka kwenye treni ikakutwa panya wamelitafuna, inaingia maji. Mvua ya kwanza ilishuka huku juma lililopita, ya pili juzi. Mara zote mbili nimekuta maji sakafuni, nyuma ya kiti cha nyuma, pale pale anapoweka sanduku lake la ramani. Si tone la kufuta kwa kidole. Ni maji ya kujaza kibuyu.

Kazi ya huyu Mzungu unaijua. Mwaka mzima ameburuta kamba yake ya kupimia nchi toka Makutupora mpaka huku, kila kilima anakiandika, kila kijito anakipa jina hata kama wenyewe walishakipa. Sasa karatasi ya chini imelowa na wino wa buluu umetembea. Kaskazini ya Dodoma, mahali ambapo hata fisi husafiri na maji yake, pametokea ziwa. Babu, ziwa zuri! Lina ghuba, lina visiwa viwili. Nilipoliona nilisahau kuogopa. Nikawa naliangalia tu, nasikia kama upepo wa majini unanipiga usoni.

Bwana akanikuta katika hali hiyo.

Anasema napakia wanawake wa kisimani na vibuyu vyao, nikipita njiani. Nikasema, "Hapana, Bwana." Akasema, "Basi maji yametoka wapi, kwenye mfuko wako?" Tarehe 20 Desemba sanduku linateremka Saranda kupanda treni ya Daressalaam. Amesema likikutwa na unyevu hata wa pumzi, nitalala kifudifudi mbele ya boma nile hamsa ishirini, na baada ya hapo nisiiguse motokaa tena maisha yangu. Hivyo viboko ishirini na tano naweza kuvisahau, Babu, ngozi huota. Lakini kazi hii nikiikosa, narudi kubeba mizigo kichwani, na Jaha nilimwoa nikimwambia kichwa changu kimepumzika.

Nimetafuta njia ya maji, sijaiona. Paa sijalihangaikia, maana ni mkono wako. Nimemwambia Bwana hivyo hivyo: paa hili limeshonwa na mtu aliyevusha viriba vya maji nyika ya Mgunda Mkali siku za misafara. Nifundishe nitafute wapi kwingine.

Mjukuu wako,
Rajabu bin Shaban


Dodoma, 28 Novemba (tarehe nimemwuliza mtu wa stesheni, yeye ndiye mwenye tarehe hapa mjini, sisi wengine tuna siku tu)

Kwako Rajabu, mume mwenzangu

Usishtuke nikikuita hivyo. Jaha alikuwa mke wangu tangu ana meno mawili, mimi sina hata moja la mbele, tukawa sawa. Wewe umekuja juzi na suruali yako na mluzi wako, nikakuachia kwa huruma. Mwambie mke wetu mdomo wangu ukiwa wazi mchana ni kwa sababu naota, na ndoto nyingine ni kubwa, hazitoki puani.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, bila kumwita mtu. Mwalimu wangu wa chuoni alinifukuza nikiwa nusu ya msahafu kwa sababu nilimfungia mbuzi wake kilemba. Lakini hiyo nusu niliyoipata ninayo yote.

Sasa sikiliza, maana maji nayajua kuliko huyo bwana wako anavyoijua nchi. Kosa la kwanza la mtu anayetafuta uvujo ni kutazama pale palipolowa. Maji ni mgeni mwenye haya. Huingia mlango huu, hupita uani kimya kimya, akaketi chumba kingine kabisa. Ukimkuta ameketi, usiseme hapa ndipo alipoingilia. Fuata nyayo.

Fanya hivi. Toa kila kitu ndani: viti, mkeka, sanduku, na hivyo vibuyu vya wanawake unavyosema huna. Acha motokaa juani mpaka ikauke. Chekecha majivu laini, uyanyunyize sakafuni na pembeni, kama mpishi anavyonyunyiza unga ubaoni. Kisha ingia ndani, ufunge milango, ukae. Jaha awe nje na mtungi. Aanze kumwaga chini, magurudumuni. Kisha milangoni. Kisha kwenye kioo cha mbele. Apande polepole. Akianza juu mtaloana kote, hamtajua tone lipi ni la wapi. Majivu yakipata tone hufanya shimo dogo kama jicho la kuku. Hilo jicho litakuangalia, nawe uliangalie.

Tazama pia chini ya milango. Bwana wako alinionyesha siku ile matundu madogo ya kutolea maji, kila mlango una mawili. Mchwa wa huku wakiona tundu husema alhamdulillahi, nyumba. Yakizibwa, maji hujaa ndani ya mlango mpaka yamwagike unakokaa. Chokonoa kwa kijiti, si kwa chuma.

Zamani, kabla msafara haujaondoka, nilikuwa napuliza kiriba kikavimba kama mbuzi aliye hai, nakikumbatia, naweka sikio, nafumba macho. Msafara wote unapiga kelele, punda, wapagazi, wake za wapagazi, mimi nimelala na mbuzi wangu wa upepo nasikiliza anapopumulia. Watu wakidhani nimelewa. Na kweli ilikuwa kama kulewa, maana nikiwa nimefumba hivyo nilikuwa nasikia maji ambayo bado hatujayafikia.

Paa umefanya vyema kuliacha.

Mume mkubwa,
Hassani bin Matonya


Kilimatinde, 5 Desemba 1913

Babu, shikamoo.

Nimefanya yote. Chini ya mlango wa kushoto nimetoa udongo wa mchwa wa kujaza kiganja, na maji machafu yakafuata yakinuka kama mtungi uliosahauliwa. Nikapiga kelele kwa furaha. Kioo cha mbele nacho kilikuwa kimelegea kwenye fremu yake, nimekizungushia nta.

Kisha nikaingia ndani, nikakaa kwenye majivu, Jaha akamwaga. Babu, hujawahi kukaa ndani ya motokaa ikimwagiwa maji. Mwanga unageuka. Kioo kinayeyuka, boma linayeyuka, Jaha mwenyewe anakuwa rangi tu inayotembea, mara mrefu mara mfupi. Sauti yake nikaisikia inatoka mbali, "Umeona?" Nami nimekaa mle mkavu, nikawaza, hivi ndivyo anavyosikia mtoto kabla hajazaliwa. Sikumjibu mara ya kwanza wala ya pili, mpaka akafungua mlango akanimwagia mtungi mzima. Ndipo nikalowa.

Majivu yalikuwa makavu, hata jicho moja la kuku hakuna. Tukasema basi, ni mchwa, tumemaliza.

Kwa siku nne jua likawaka, turubai likakauka likawa linalia kama ngoma ukiligusa. Jana ikanyesha. Haikupita muda wa kuchemsha chai, maji yakawa nyuma ya kiti, mahali pale pale! Nikachora mstari wa mkaa ubaoni yalipofikia, nikakaa kulinda. Mvua ikapiga tangu saa saba mpaka saa kumi na moja, Babu, kubwa kuliko mwanzo, na maji hayakuongezeka hata unene wa ukucha. Mstari wangu ukabaki pale pale.

Nikakumbuka siku ile tulipomwaga kwa mtungi na kukosa: usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imenyesha, turubai lilikuwa bado bichi.

Kwa hiyo ikiwa kavu inavuja, ikilowa inaacha. Umewahi kusikia kitu cha namna hii? Askari mmoja, Bartolomayo, anasema ni shetani wa bara. Mimi nasema wewe utajua. Katika majivu hakuna tundu la tone lililotoka juu, ila kuna mfereji mwembamba unaoshuka nyuma ya kiti, kama njia ya nyoka.

Bwana hajaiona ya jana, nilifuta. Zimebaki siku kumi na tano.

Mjukuu wako,
Rajabu


Dodoma, 9 Desemba

Kwako Rajabu

Barua imefika. Nimekawia kujibu kwa sababu ya kiuno.

Jambo ulilosema ni la ajabu, nami nimelifikiria sana nimelala chali. Huenda ni umande. Huenda ni hewa ya Kilimatinde, huko juu mlimani mawingu yanakaa na watu. Au nyigu amejenga ndani ya mlango wa kulia, wewe ulichokonoa wa kushoto tu. Tazama wa kulia. Tazama pia ubao wa sakafu, mbao za Ulaya zikiona jua letu hutengana kama ndugu wakigawana urithi. Zibe kwa lami.

Nimeliota ziwa lako. Nilikuwa natembea kandokando yake huko Makutupora, mchana kweupe, viatu nimeshika mkononi. Maji yalikuwa ya buluu ya wino, na kila nilipotia mguu wangu, ulitoka umeandikwa. Nikajaribu kusoma yaliyoandikwa mguuni pangu, lakini yalikuwa katika ile nusu ya msahafu ambayo sikuifikia. Kisha nikamwona mbuzi wangu wa upepo anaelea katikati, ananitazama. Nikamwambia, "Njoo." Akasema, "Nifungue mshono." Nikaamka.

Msalimie Jaha. Mwambie nimefunga mdomo.

Hassani


Kilimatinde, 12 Desemba 1913

Babu yangu mpenzi, shikamoo.

Barua hii naiandika mwenyewe, kwa hati ile uliyonifundisha kwa mkaa juu ya ngozi. Rajabu yuko chini ya motokaa anapaka lami sakafuni kama ulivyomwambia. Amepaka tangu asubuhi. Amejipaka mpaka masikio, nimeshindwa hata kumcheka.

Barua zako nimezisoma zote. Ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, umenitukana vizuri, umemtukana yeye vizuri, nikafurahi. Ya pili hukumtania hata mara moja. Hukumwita mume mwenzako. Babu, wewe ulipomzika bibi ulimtania mchimba kaburi. Hapo ndipo nilipojua.

Mimi ndiye niliyekuwa nakutafunia ukano wa kushonea. Umesahau? Nina miaka sita, umenikalisha kwenye mchanga, nimejaza mdomo kano za ng'ombe, natafuna mpaka taya zinauma, nakupa ukiwa laini, unaupitisha kwenye sindano. Nawe ulikuwa unasema: "Mke wangu, uzi wa ukano ni kama mwanamke mwenye heshima. Ukimpa maji hujaa, huziba kila tundu. Ukimkausha hujikunja, akakufungulia milango yote." Na kiriba kilichoning'inizwa kavu msimu mzima siku ya kwanza kilikuwa kinalia, kisha kikinyamaza chenyewe.

Kikikauka kinavuja, kikilowa kinaacha.

Babu, paa lile ulilishona kwa uzi gani?

Sijamwambia Rajabu. Nilikaribia jana. Bwana Kamba aliweka mkono nyuma ya kiti akautoa umelowa. Hakupiga kelele. Aliufuta kwenye shati la Rajabu, taratibu, kidole kimoja kimoja, akaenda zake. Rajabu akasimama vile vile, shati lina alama ya mkono. Na jioni alipokaa kula akaniambia, "Kama si Babu kutupa moyo, ningekwisha kimbia." Nikatoka nje nikajifanya napepeta.

Nikimwambia mimi, nitakuwa nimekuvua nguo mbele ya mume wangu. Nisipomwambia, watamvua yeye mbele ya boma. Usinichagulishe, Babu. Chagua wewe.

Mkeo wa zamani,
Jaha


Dodoma, 15 Desemba

Kwa Jaha na Rajabu. Jaha, msomee kwa sauti, na usiruke mahali.

Rajabu mwanangu, maji yanaingilia paani. Yanaingilia kwenye mshono wangu.

Siku ile Bwana wako alinipa kibunda cha uzi mweusi uliopakwa nta, umetoka kwao, umezungushwa kwenye kijiti kilichochongwa vizuri. Akanionyesha kwa vidole: huu, kwa hili. Kana kwamba mimi naonyeshwa uzi! Watu wa stesheni wamesimama, Hassani wa viriba anashikishwa uzi kama mwali anayefundwa. Nikasema ndiyo Bwana, ndiyo Bwana. Alipogeuka nikautia kwenye kofia, nikatoa ukano wangu. Nilishona siku mbili. Ule mshono, Rajabu, ulikuwa mzuri mno, watu walikuja kuupapasa. Tangu reli ifike hakuna aliyeniletea kiriba. Treni hainywi kwenye ngozi. Miaka mitatu mikono yangu imekaa mapajani kama wageni wasiosemeshwa. Siku mbili zile nilikuwa fundi.

Lakini kiriba huishi na maji, hakikauki, ndiyo maana ukano hukaa umevimba. Turubai lako hukaa juani. Ukano ukinyauka kila tundu la sindano linafumbua jicho. Mvua ikianza maji hupenya, hayadondoki, maana chini ya turubai kuna kitambaa kile cha ndani. Hutambaa juu ya mbavu za mti zinazoshikilia paa, hushuka kwa ubavu nyuma ya kiti, hukaa chini ya sanduku. Hiyo ndiyo njia yako ya nyoka. Kisha ukano hunywa, huvimba, huziba, nawe unabaki unatazama mstari wa mkaa.

Nilijua uliposema "ikiwa kavu". Nilijua kabla sijamaliza kusoma mstari. Nikakunja barua nikalala, nikaamka nikakuandikia habari za nyigu.

Mchwa wa mlangoni na kioo vilikuwa kweli, hivyo usivichukie. Lami ilikuwa uongo. Inatoka kwa mafuta ya kondoo na subira.

Nakuja. Treni ya keshokutwa. Kibunda cha uzi ninacho, kiko kwenye kofia ile ile, sijakikata hata shibiri. Nakuja na nta, na msharasi wa kutobolea, na sindano tatu. Bwana Kamba nitamwambia mwenyewe. Usimwambie wewe, utalilainisha.

Hassani bin Matonya, aliyekuwa fundi


Kilimatinde, 16 Desemba

Babu,

Imesomwa. Jaha hakuruka mahali.

Nilimwambia Bwana mara tatu kwamba paa ni la kuaminika. Mara tatu, Babu.

Nitakuwa Saranda treni ikifika. Uje na uzi.

Rajabu


Dodoma, 21 Desemba, asubuhi

Kwako Rajabu, mume mwenzangu (naona umenirudishia ruhusa ya kukuita hivyo, maana jana kwenye kilima ulicheka, nilikuona mabega)

Naandika haraka, mfuko wa posta unafungwa. Lakini kwanza niseme kidogo, maana njiani hatukuweza kusema, Bwana alikuwa nasi kama ukuta wa boma.

Mimi nilitaka anipige. Ndiyo. Niliposimama pale barazani nikasema, "Bwana, kosa ni langu, uzi wako huu hapa," nilikuwa nimekwisha tafuta hata namna ya kulala ili kiuno kisiniume. Nikawaza nitapiga kelele gani. Na yeye akautazama uzi, akanitazama, akasema kwa Kiswahili chake kile cha mawe: "Shona. Tarehe ishirini wewe unakaa ndani. Sanduku juu ya miguu yako. Tone moja likianguka, ishirini na tano dereva, ishirini na tano wewe. Miaka yako sihesabu." Nikasema ndiyo Bwana. Safari hii nilikuwa nasema kweli.

Zile siku mbili za kushona hukunisemesha. Ulinishikia turubai tu, ukaninyooshea uzi. Jaha alituletea uji, akaweka bakuli mbili, akaondoka, akarudi akakuta bakuli zote ziko upande wangu kwa sababu ulikataa kula nami. Sikulaumu. Nilizila zote mbili.

Mvua ikatusubiri, mwanaharamu. Siku mbili jua kali, na tulipowasha motokaa tu, hiyo hapo, nchi yote ya Uyanzi imegeuka kijivu. Wewe unaendesha, Bwana kando yako, mimi nyuma, sanduku mapajani, mwaka mzima wa kamba ya Mzungu umelala juu ya magoti yangu na lile ziwa ndani yake.

Rajabu, uliniandikia kwamba mwanga unageuka. Nilidhani ni maneno ya kijana. Tulipoanza kuteremka kile kilima kirefu, miti ikawa inapita kama watu wanaokwenda na maji vichwani, wengi, wanyamavu, hawaishi. Nikawaona wenzangu. Nakuapia. Wapagazi wangu wote wa Mgunda Mkali, nje ya kioo, na mimi ndani ya kiriba. Miaka arobaini nimeweka sikio nje nikisikiliza. Jana niliwekwa ndani. Nikafumba macho, nikausikiliza mshono wangu tangu mbele mpaka nyuma, tundu kwa tundu. Ulikuwa kimya kabisa. Ukano huzungumza, uzi huu wa nta hausemi neno. Nikaanza kuupenda.

Kisha, karibu na lile jabali jeupe, mshono ukasema.

Lilikuja tone moja. Halikutambaa kwenye mbavu kama zamani. Lilitoka juu moja kwa moja, likaning'inia kwenye kitambaa cha ndani, likanenepa, lina mwanga ndani yake na motokaa yote imo imegeuka juu chini: wewe, Bwana, kofia yake. Chini yake lilikuwa sanduku. Bwana alikuwa anageuza shingo. Alikuwa anageuza shingo kila baada ya hatua mia, yule mtu hupima hata mashaka yake.

Nikafungua mdomo.

Mwambie Jaha. Mwambie mdomo wazi una kazi yake. Niliegemea kama mzee aliyepitiwa na usingizi, kichwa nyuma, likaanguka ulimini, likapita. Bwana akanitazama, akasema neno la kwao, nadhani alisema nakoroma. Ndipo uliponiona kwenye kile kioo chako kidogo, ukacheka, ukidhani nimelala. Sikulala. Nilikuwa nasubiri la pili. Halikuja.

Pale Saranda ulipoona Bwana anapangusa sanduku kwa kitambaa cheupe, upande huu, upande ule, chini, kitambaa kinatoka kikavu, akakuambia "Kesho saa moja, kama kawaida," nilitaka kukuvuta kando nikuambie. Lakini alisimama nasi mpaka saa ya mimi kupanda treni. Wewe ukanishika mkono, ukasema, "Babu, paa ni paa." Nikakaa dirishani na hilo neno mpaka Dodoma.

Ndiyo sababu naandika kabla hata sijaoga. Paa si paa. Bado lina tundu moja. Sitakwenda kulala nikaota nyigu.

Ubavu wa tatu kuhesabu kutoka mbele, upande wa kushoto, mshono wa katikati. Weka kidole kwenye ubavu wa mti, rudi nyuma matundu tisa. La tisa ni la ukano wa zamani, liko wazi. Mimi nililiruka, macho yalinidanganya nikashona pembeni yake. Usitie sindano tena. Pasha nta na mafuta ya kondoo kidogo, tia kwa ncha ya kijiti, juu na chini, kisha sugua kwa jiwe lililopashwa moto mpaka turubai ling'ae. Fanya siku hiyo hiyo upatapo barua hii, likiwa bado halijakauka na kujikunja. Kisha liache juani siku tatu, na Jaha amwage maji akianza chini.

Ukae ndani wewe mwenyewe. Na ukiona Jaha amekuwa rangi tu nje ya kioo, safari hii mjibu mara ya kwanza.

Mume mkubwa,
Hassani bin Matonya, fundi

Tone lenyewe lilikuwa na ladha ya turubai na kondoo. Nimekunywa maji mabaya zaidi ya hayo, na nikawasifu walioyachota.